Kengele Iliyobaki Olemba

Gari la moshi kutoka kusini likiingia Kindu, abiria wa kwanza hajashusha mguu, Onema ameshasimama kwenye kona ya jengo la stesheni anatikisa kengele yake ya mti. Aliichonga mwenyewe, na kusema kweli alichonga vibaya. Ilitoa sauti ya kopo linalogongwa na mtoto mwenye njaa. Lakini watu waligeuka, na kugeuka ndiko alikokuwa akitaka.

"Bantu ya tereni, mungoje kidogo!" alipaza sauti. "Imbwa yenye kuacha kula, yenye kutoka mate, yenye kuluma hata mawe, ile hapana imbwa tena. Musiifukuze na fimbo. Mufunge mulango, muite munganga. Na ule imbwa amemuluma, hata kidogo, hata soksi tu, asafishe kidonda na maji na sabuni, akuye mbio hospitali. Asingoje kuona kama atagonjwa. Akingoja, tutakuya kumulilia."

"Soksi nayo iende hospitali?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Soksi ibaki. Mwenye soksi aende."

Watu walicheka, wakabeba vikapu vyao vya mawese na karanga, wakaenda zao. Neno lakini lilikuwa limeshaingia. Ndivyo Onema alivyofanya kazi yake katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, na aliifanya kwa raha, isipokuwa kitu kimoja. Kila alipotikisa kengele ile mbovu, alikumbuka nyingine.

Ile nyingine ilikuwa Olemba, kijiji cha wawindaji kilichoko mbele ya Tunda, ukishuka kwenye gari la moshi Kibombo na kukaza mwendo porini. Mbwa wa huko ni wadogo, wekundu, masikio yamesimama, na hawabweki. Mbwa asiyebweka akiingia msituni umempoteza, kwa hiyo mwindaji humfunga kengele ya mti shingoni na kumfuata kwa sikio. Kila nyumba ilikuwa na kengele yake moja tu. Wala haikuwa ya mbwa yeyote. Ilikuwa ya uwindaji wenyewe. Mbwa kiongozi akifa, kengele huvishwa anayemfuata. Baba akifa, kengele huchukuliwa na mtoto aliyebaki nyumbani.

Onema hakubaki. Alipanda gari la moshi akiwa kijana, aende Kindu kubeba mizigo bandarini, mwaka mmoja tu, apate shuka na baiskeli. Mwaka ule ukavutika kama utomvu. Akaoa Jamila, binti wa Waislamu wa mjini ambao mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani, akapata watoto, akazoea wali na harufu ya makaa ya mawe. Baba yake akafa, naye akafika matanga yamekwisha. Kengele akawa nayo Michel, mdogo wake. Hakuna aliyemdhulumu, na yeye mwenyewe hakulalamika. Ila aliitamani sauti ile kama mgonjwa anavyotamani chumvi. Alitamani kusimama siku moja tu msituni, umande haujakauka, asikie kengele ya baba ikienda mbali kati ya miti, na Michel akiwa pembeni yake.

Hata kazi ile aliipata kwa tamaa hiyohiyo. Munganga wa wanyama, Godefroid, daktari mpole aliyesomea kazi yake vizuri, alikuwa akitafuta mwenye mdomo wa kuwavuta watu. Wapakiaji wote wa stesheni wakamwonyesha Onema, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Onema aliuliza swali moja tu: je, kazi hii itafika mpaka upande wa Tunda? Aliposikia itafika, akaitupa kamba ya mizigo palepale.

Jamila alipiga makofi akacheka. "Baba Hadidja! Nilizania nimeolewa na muntu ya mizigo, kumbe nimeolewa na mukubwa ya baimbwa. Ukirudia, unawe kwanza mbele ya kugusa sahani yangu."

Na kweli wakafika Olemba, Onema na Godefroid na sanduku la dawa. Watu walikuwa na hofu, kwani uvumi ulishatangulia kwamba Bula Matari, yaani serikali ya wazungu, inapiga mbwa risasi. Wakawaficha mbwa wao vichakani. Basi Michel akatoka mlangoni na kengele ya baba mkononi, akaitikisa mara chache tu, na mbwa wa kijiji kizima wakaja wakirukaruka, mikia juu, wakidhani wanakwenda kuwinda. Onema alisimama katikati yao, akiwapapasa kwa furaha. Kila mbwa alidungwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa na kuvishwa shingoni kipande cha chuma cha mviringo, alama kwamba amepata dawa. Hapo Onema akasema neno ambalo baadaye alitamani kulirudisha kinywani.

"Musiogope tena. Imbwa yenye chuma hii, wazimu haimukamate."

Walipoagana, Michel alimshika mkono kwa muda mrefu, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, mara hii hatukupata nafasi. Mwaka kesho tutaingia pori pamoja, weye na miye."

"Mwaka kesho," akasema Onema.

Mwaka kesho ulikuja ukapita, na mwingine nyuma yake. Kulikuwa na kazi upande wa Punia, kulikuwa na harusi ya binti, kulikuwa na mvua. Nyinyi mnajua jinsi mwaka kesho ulivyo mjanja.

Siku moja gari la moshi liliingia, na kati ya abiria alikuwamo Scholastique, muuza karanga wa Tunda, mwanamke mwenye kicheko kinachomtangulia sokoni. Alimsikiliza Onema mpaka mwisho, kisha akaweka kikapu chini.

"Onema, ile chuma yako imechoka! Imbwa ya Michel, na chuma shingoni, njo imemuluma mwenyewe ku muguu. Ikakimbia mpaka kwa jirani, ikatoka mate, ikaenda kukufa karibu na mutoni."

Kengele iliacha kulia. "Na Michel?"

"Michel iko muzima! Kidonda imekauka. Anacheka tu. Anasema imbwa ya chuma haina wazimu, yaya yangu njo alisema."

Onema aliwaacha abiria palepale. Alikwenda moja kwa moja kwa Godefroid, na Godefroid hakumficha kitu. Kidonda kukauka si habari njema wala mbaya, alimwambia. Ugonjwa huu unatambaa polepole kutoka kwenye jeraha mpaka kichwani, na ukifika kichwani hakuna munganga, mweusi wala mweupe, atakayeutoa. Ila mtu akidungwa sindano hapa hospitali kabla haujafika, anaweza kupona. Kitu kimoja tu kilimshangaza: mbwa yule alipata dawa, aliuguaje? Labda dawa haikushika.

Safari nzima ya kwenda Kibombo, Onema aliilaani ile dawa.

Michel alimkuta njiani, amenenepa kidogo, kovu la meno likionekana vizuri chini ya goti. Alimkumbatia kaka yake huku akicheka. "Yaya! Mwaka kesho imefika!"

Onema hakuweza kucheka. Alikuwa ameona mbwa mdogo wa kike akinusa miguu yao, na shingoni mwake kile chuma cha mviringo.

"Chuma hii ni ya nani?"

"Ni yangu! Nilienda kuitoa kwa ile yenye kukufa, nikapatia huyu. Ndiye ataongoza sasa."

"Na ile yenye kukuluma, njo ile tulidunga sindano?"

"Hapana, yaya. Ile ya sindano nyoka iliiluma zamani. Nikapatia mutoto yake chuma. Mutoto njo iliniluma." Michel alisema hayo kama mtu anayeeleza kwamba maji hushuka mlimani.

Onema akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale uani. Dawa haikuwa na kosa lolote. Watu wa Olemba walifanya vile wanavyofanya siku zote: kiongozi akifa, alichovaa huvishwa anayemfuata. Waliona chuma ni kengele nyingine, na nguvu ya kuzuia wazimu imo ndani ya chuma chenyewe. Nani mwingine duniani angekosea hivyo? Na nani alipaswa kulijua kosa hilo kabla halijatokea, kama si mtoto wa palepale? Lakini mtoto wa palepale alikuwa amekaa Kindu mpaka akasahau jinsi kwao wanavyofikiri. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Alimweleza Michel kila kitu: sindano, hospitali, kichwa, kifo. Michel alisikiliza, uso ukizidi kujikunja.

"Yaya, ulikuya hapa mbele ya bantu yote ukasema, imbwa yenye chuma wazimu haimukamate. Leo unasema ingine. Kesho utasema gani?" Akageuka, akaanza kufunga tundu la wavu wake wa kuwindia.

Maneno yote yaliyokuwa yakiwachekesha abiria yalimkimbia Onema. Kisha akaona kengele ya baba imening'inia mlangoni, nyeusi kwa moshi na mafuta ya mikono. Aliinuka akaishusha. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka.

"Michel, nyoka ilipoluma ile imbwa, ilikuwa na kengele hii?"

"Ilikuwa nayo."

"Kengele iliiponya?"

"Kengele inaponya? Kengele inasema tu fasi imbwa iko."

"Na chuma vile vile. Inasema tu: huyu alipata dawa. Dawa iko mu damu ya ule imbwa, haiko mu chuma. Imbwa ikikufa, dawa yake imekufa. Chuma ukipatia ingine, inasema bongo, inadanganya bantu."

Michel aliacha kufunga wavu. "Juu ya nini haukusema hivyo ile siku?"

"Nilisahau namna munafanya huku," Onema akasema, na machozi yakamlengalenga. "Nimekaa kule sana, ndugu yangu. Nilisahau."

Michel aliutazama mguu wake kwa muda, akapitisha kidole juu ya kovu. Hofu ilikuwa imemfikia sasa. "Nitaenda," akasema. "Lakini na weye. Siende kukufa kule kwa bantu wenye hawajui jina yangu."

Na hapo ndipo Onema alipobanwa kweli. Kwani majirani walikuwa wamesogea kusikiliza, na Ferdinand, mwindaji wa nyumba ya pili, alikuwa amevua kofia akiizungusha mikononi. "Onema," akasema, "na siye tulifanya vile vile. Na kule ng'ambo ya mutoni, fasi ile imbwa ilipita mbele ya kukufa, bote walifanya vile." Wote walimtazama Onema. Hawakumtazama kwa hasira, na afadhali wangemtazama kwa hasira. Aliyewaambia ni yeye, na mtu mwingine akija kusema kinyume chake, nani angemsadiki?

Alitamani kupanda gari la moshi na mdogo wake kuliko kitu chochote alichowahi kutamani, hata kuliko ile kengele. Lakini alimsindikiza mpaka Kibombo tu.

"Jamila anajua jina yako," alimwambia pale stesheni. "Kila siku ninamusemea habari yako mpaka anachoka. Atakungoja Kindu." Kisha akatoa kwenye mfuko wake kengele yake mbovu ya mjini. "Ukishuka, tikisa hii. Ataijua. Hakuna ingine yenye sauti mubaya namna hii."

Michel aliitikisa, akakunja uso. "Njo umechonga mwenyewe? Yaya, hii ni sufuria!" Akacheka, na kaka yake akacheka naye, na walicheka mpaka gari la moshi likavuta pumzi na kuanza kwenda. Mkono wa Michel ulibaki nje ya dirisha kwa muda mrefu, ukitikisa ile sufuria.

Onema akarudi na kengele ya baba.

Alizunguka kijiji baada ya kijiji, na kila mahali alianza na neno lilelile: "Nilisema vibaya." Akawaeleza kwamba kengele hurithiwa lakini chuma hakirithiwi, mbwa akifa, azikwe na chuma chake. Neno hilo waliliweza mara moja, kwa sababu lilikuwa la kwao. Ng'ambo ya mto alimkuta Joséphine, mama mmoja aliyeng'atwa kidole na yule mbwa wa Michel naye akanyamaza, maana chuma alikiona kwa macho yake. Alipandishwa gari la moshi lililofuata.

Lakini kulikuwa na sehemu nyingine ya kazi. Yule mbwa mwenye wazimu alikuwa amepigana na wenzake njia nzima, na kwa kuwa vyuma vilikuwa vimehamahama, hakuna aliyeweza kujua nani alipata dawa na nani hakupata. Ilibidi mbwa wote walioonekana naye wauawe, na wenye mbwa waliona afadhali wafanye kwa mikono yao kuliko kungoja askari. Mbwa walipojificha, Onema alitikisa kengele. Nao walikuja. Walikuja wakirukaruka, mikia juu, wakidhani wanakwenda kuwinda. Sauti aliyoiota miaka yote ile Kindu, sasa alipoisikia alitaka kuziba masikio. Mbwa wa Olemba walipokwisha, naye yule mbwa mdogo wa kike akiwa miongoni mwao, aliifunga kengele ndani ya kitambaa na kuiweka chini kabisa ya mzigo wake. Alijiapia kwamba hataitikisa tena.

Akabaki anangoja. Jioni wanaume wa Olemba walikaa uani bila mbwa miguuni, hawajui mikono yao waiweke wapi. Habari za Kindu zilifika na wafanyakazi wa reli, kutoka mdomo hadi mdomo, na ya kwanza ilikuwa ya Jamila mwenyewe: "Mwambieni Baba Hadidja, mudogo wake anadungwa tumboni kila siku, na kila siku anatukana munganga. Muntu mwenye kutukana vile hajafa. Na nimemunawisha." Onema alimwomba mtu yule airudie, kisha airudie tena.

Hata hivyo alihesabu kila asubuhi kama zawadi na kila jioni kama tishio, mpaka gari la moshi likaingia Kibombo na Michel akashuka. Amekonda, anatembea ameinama kidogo akishika tumbo, amevaa shati la Onema. Joséphine alishuka nyuma yake. Ndugu wawili hawakukumbatiana mara moja. Walitazamana tu, kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake.

"Sindano imekwisha," Michel akasema. "Munganga anasema nimepita. Jamila anasema urudi, kazi inakungoja. Tereni ni kesho kutwa."

Njiani Onema alimweleza habari za mbwa. Alimweleza zote, hata jinsi walivyokuwa wakija. Walipofika nyumbani, Michel akakuta mlango hauna kengele.

"Iko wapi?"

Onema akaitoa kwenye kitambaa, akampa bila kuitazama.

Asubuhi, umande haujakauka, Michel alimwamsha. "Tuende. Mwaka kesho njo leo."

"Tutaenda na imbwa gani, Michel?"

"Simama. Tuende."

Walikwenda bila wavu, bila mkuki. Walipofika pale ambapo baba yao alikuwa akiwafungulia mbwa, Michel alimwonyesha Onema mti mkubwa ulioanguka, akamwambia asimame hapo asiondoke. Kisha akaifunga kengele kiunoni mwake, mtu mzima yule, na tumbo lake lenye maumivu, akainama, akaingia kwenye majani, akatoweka.

Ikaanza kulia. Mara ya kwanza karibu, kolo, kolo, kisha upande wa mkono wa kuume, kisha ikashuka kuelekea mtoni, ikazidi kuwa ndogo, ikasimama, ikaendelea tena, vilevile, vilevile kabisa. Onema alishika mti kwa mikono miwili. Alilia kwa sauti, bila aibu, kwa ajili ya baba yake, na mbwa wote wale wekundu, na miaka aliyoiacha ipite.

"Yaya!" Michel aliita kutoka mbali, pumzi zikimkatika. "Unasikia?"

Onema alikuwa anasikia vizuri sana. Hakujibu, maana alijua akijibu, Michel ataacha kukimbia.